Mguu wa Meneja

Jumatatu, 4 Machi
Mvua imeanza leo na pipa limefika leo, sijui ni lipi lililotulowesha zaidi. Wapagazi walilishusha kutoka kwenye lori huku matope yakiwafika vifundoni. Mama Mkwe alikuwa akiwatangulia kinyumenyume na mwavuli wake, na kwa mwavuli huo hakujikinga yeye, alilikinga pipa.

Ni chemba ya chuma, nyeupe, ndefu kama kabati la nguo lililolazwa chali. Ina mlango wa duara, kidirisha cha kioo kinene, koki mbili na saa ya kupimia presha. Mnyama anaingizwa ndani, mlango unafungwa, kisha oksijeni tupu inasukumwa humo mpaka presha inakuwa mara mbili ya hii tunayoishi nayo sisi. Kazi yake ni kuvisaidia vidonda vilivyogoma kupona. Mama Mkwe amepewa na mwanafunzi wake wa zamani ambaye amepata kubwa zaidi.

Kliniki hii ya wanyama ni ya Mama Mkwe. Mimi niliingia kazini hapa kwanza, ndoa ikafuata, na yeye husema kwamba niliipenda kliniki nikapewa mwanawe kama nyongeza. Wateja wanamwita Daktari Mkubwa, mimi wananiita Daktari Mkwe, ingawa shahada yangu imetundikwa ukutani pembeni ya yake. Nilikuwa na matumaini kwamba mwaka huu atapumzika aniachie usukani. Badala ya kupumzika ameleta pipa.

Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alipotoka shule alilizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Mama amenunua nyambizi," akasema.

"Sijanunua. Nimepewa."

"Hata nyambizi ya kupewa huzama, Mama."

Jumatano, 6 Machi
Mvua. Mama Mkwe anasoma kitabu cha maelekezo kama mtu anayesoma barua ya uchumba.

Jumamosi, 9 Machi
Fundi aliyekuja kulifunga pipa ametufundisha mambo mengi, na karibu yote yanaanza na neno "marufuku". Oksijeni tupu haina mzaha, cheche moja tu inatosha. Kwa hiyo humo ndani haiingii nailoni wala sufu, hauingii mkufu wa shingoni, haiingii simu, hayaingii mafuta ya aina yoyote. Ni pamba tupu, tena yenye unyevu kidogo. Mama Mkwe ameninyang'anya hata losheni yangu ya mikono, akaifungia kwenye droo ya mapokezi.

Nimemuuliza kama ana hakika na jambo hili. Amesema hakika ni ya wachungaji, yeye ni daktari wa mbuzi.

Alhamisi, 14 Machi
Leo lazima niandike kirefu.

Asubuhi, mvua ikinyesha kama inadai kisasi, aliingia mwanamke akisukuma mkokoteni wa mizigo. Ni fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, yule anayeshona magauni ya harusi, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi tu. Juu ya mkokoteni alilala mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia, amefungwa kwa kitambaa cheupe ambacho hakikuwa cheupe tena. Gari dogo la mizigo lilikuwa limeteleza mbele ya duka lake, gurudumu likambana mbwa na kumburuta.

"Anaitwa nani?" nilimuuliza.

"Meneja. Nilimpa jina lingine akiwa mdogo, lakini anakaa mlangoni na kumkagua kila anayeingia. Wateja ndio waliompandisha cheo."

Nilikifungua kile kitambaa. Mguu wa nyuma wa kushoto, kuanzia kifundoni kwenda chini, ngozi ilikuwa imevuliwa kama soksi. Mifupa haikuvunjika, na hilo lilinishangaza. Ila mishipa ya damu ilikuwa imesagika, na vidole vilikuwa baridi. Meneja alinitazama nikimgusa, wala hakulia. Alinikagua tu.

Tulimpa dawa ya maumivu, maji ya mshipani na antibiotiki, tukamlaza usingizi na kumsafisha kidonda. Chembe za changarawe zilikuwa zimeingia hadi penye misuli. Tulipomaliza, Mama Mkwe alivua glavu na kusema, "Haya, kwenye pipa."

"Bado," nikasema. "Kwanza eksirei ya kifua."

"Anapumua vizuri."

"Amegongwa na gari, Mama."

Tulikuwa kwenye ujia, mbele ya wateja wawili na sungura mmoja. Mama Mkwe hapendi kupingwa ujiani. Alisema kila saa inayopita mguu unakufa. Nikasema kila saa inayopita mbwa yuko hai, na ningependa aendelee hivyo. Alinitazama kwa yale macho ambayo mume wangu anasema ndiyo yaliyomfundisha kujumlisha, kisha akaniashiria chumba cha picha.

Eksirei ilionyesha ukanda mwembamba mweusi pembeni mwa pafu la kulia. Ilikuwa hewa iliyovuja, kidogo tu, ya kutomsumbua mbwa aliyelala. Ila ukimweka ndani ya presha kisha ukaishusha, hewa hiyo inatanuka na kulibana pafu. Angeingia akiwa anapumua vizuri na kutoka amekufa.

Mama Mkwe aliitazama picha kwa muda mrefu. Nilingoja aseme chochote, hata "kumbe". Alisema, "Tutasubiri," akaenda kunawa mikono ambayo tayari alikuwa ameinawa.

Ijumaa, 15 Machi
Mvua. Meneja amekula ini kutoka mkononi mwa Fundi. Mguu bado baridi. Mama Mkwe anaongea nami kuhusu kazi tu.

Jumapili, 17 Machi
Nimekuja kubadilisha bendeji ingawa ni siku ya mapumziko, nikamkuta Mama Mkwe ameshaibadilisha. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo umeegemea ukuta, kichwa cha mbwa kikiwa mapajani mwake. Vidole viwili vya pembeni vimeanza kuwa vyeusi. Hakuna kati yetu aliyelitaja pipa.

Jumatatu, 18 Machi
Kifua kimekuwa safi, lakini mguu umeanza kunuka.

Mimi nilitaka tukate. Siyo kwa kukata tamaa. Nimewahi kuwaona mbwa wa miguu mitatu wakimkimbiza paka hadi juu ya paa. Nilimwambia Mama Mkwe la kuvunda halina ubani.

"Sijasema nataka kufukiza ubani," akajibu. "Nasema mguu huu haujamaliza kuamua."

Tukamwita Fundi, kwa kuwa mbwa ni wake. Mama Mkwe hakumpa mhadhara. Alichukua chupa ya soda kutoka kwenye friji ya mapokezi, akaishika mbele ya macho yake.

"Unaona mapovu humu?"

"Sioni."

"Yamo. Presha imeyabana yakayeyuka ndani ya soda. Sasa damu ya Meneja ndiyo soda. Mishipa ya mguu imesagika, damu inayopita ni kidogo mno. Nikimweka kwenye presha, oksijeni inayeyuka kwenye ile damu kidogo, inakuwa nyingi kuliko kawaida, na inaweza kuzifikia sehemu ambazo zilikuwa zinakufa njaa. Zikishiba, zinaota mishipa mipya. Na baadhi ya vijidudu vinavyoozesha haviipendi oksijeni kabisa."

"Na tukimaliza?"

Mama Mkwe akaifungua chupa kwa pupa. Soda ikamrukia Fundi, ikanirukia mimi, ikairukia na kalenda.

"Tukimaliza hatufungui hivi," akasema. "Tunashusha polepole."

Fundi alijifuta uso, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Kisha akanigeukia. "Angekuwa wako, Daktari Mkwe?"

Nilimwambia ukweli, kwamba mimi ningekata. Akamuuliza Mama Mkwe swali lile lile.

"Ningejaribu. Nikishindwa, ningekata kwa mkono wangu mwenyewe, na nisingemlaumu aliyenionya."

Nilichukua kalamu nikachora mstari mguuni, juu kidogo ya kifundo. Nikasema uozo ukivuka hapa, hakuna mjadala tena. Mama Mkwe aliuangalia mstari, akanyoosha mkono. Tukapeana mikono kama wafanyabiashara wa ng'ombe.

Jumanne, 19 Machi
Meneja amekataa kuingia. Tumemshawishi kwa nyama, kwa maneno matamu, mwisho kwa kumsukuma matako. Alijibana mlangoni kama kochi lisilopita mlango. Fundi akapiga magoti, akaanza kujiingiza yeye kwanza ili mbwa amfuate. Nikamvuta sketi nikamrudisha, maana ilikuwa ya nailoni.

Baadaye mbwa akaingia mwenyewe, kwa hiari, baada ya sisi wote kuchoka na kuacha kumwomba.

Mama Mkwe alifungua koki taratibu na sindano ya saa ikaanza kupanda. Nilikuwa na wasiwasi na masikio yake, lakini Meneja alipiga miayo mikubwa, mmoja baada ya mwingine, na hivyo ndivyo masikio yanavyozibuka. Fundi alivuta kiti hadi kwenye kidirisha akaanza kumsimulia habari za dukani: bibi harusi fulani amebadilisha shingo ya gauni kwa mara ya nne, na mama mkwe wake mtarajiwa anataka mikono mirefu. Kioo ni kinene, sidhani kama mbwa alisikia hata neno moja. Lakini alimtazama midomo mpaka akalala, akaanza kukoroma. Kukoroma kwake kulikuwa kukitia ukungu kwenye kioo.

Alhamisi, 21 Machi
Asubuhi na jioni, pipa. Mvua. Hakuna jipya. Fundi ameleta shuka za pamba alizozishona kwa kipimo cha sakafu ya pipa, zenye pindo nadhifu kuliko shuka zangu za nyumbani.

Jumatatu, 25 Machi
Ijumaa tulimpokea paka dume ambaye mkia wake ulibanwa na mlango wa gari. Naye ameingia pipani siku kadhaa, lakini mkia ulikuwa umeshakufa kabla hajafika. Leo nimeukata. Mama Mkwe ameandika kwenye faili lake, "Pipa halikusaidia," kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake. Paka mwenyewe ameamka akadai chakula. Sidhani kama ameshagundua.

Alhamisi, 28 Machi
Vidole viwili vya pembeni tumeviondoa, havikuwa na uhai. Fundi alikaa nje kwenye benchi, chini ya paa linalovuja, akashona pindo la gauni la mtu bila kuinua macho. Nilipotoka kumwambia tumemaliza, aliuliza, "Vimebaki vingapi?"

"Viwili. Vya katikati, vinavyobeba uzito."

"Basi vinatosha. Hashoni."

Lakini kuna jambo lingine. Nilipokuwa nikisafisha pembeni mwa kidonda niliona chembe nyekundu, ndogo, zinazong'aa kama mbegu za komamanga. Hiyo ni nyama mpya, na ina damu yake. Nilimwita Mama Mkwe. Akainama, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Usiseme kitu," akaninong'oneza. "Tusizitie kijicho."

Jumanne, 2 Aprili
Homa. Meneja hakumwangalia hata mtu mmoja aliyeingia leo, na hilo lilinitisha kuliko kipimajoto. Wekundu ulikuwa umepanda hadi umeugusa mstari wangu wa wino.

Mama Mkwe aliniona nauangalia. "Makubaliano ni makubaliano," akasema, akaenda kuandaa vifaa vya kukatia mguu. Alivipanga mezani kimoja kimoja. Kamwe sijamwona mtu akipanga vifaa kwa huzuni namna ile.

Ndipo nikaubonyeza mguu kwa kidole, hatua kwa hatua, na nyuma ya kifundo nikahisi kitu laini kikiyumba. Ulikuwa mfuko wa usaha, umejificha chini ya ngozi nzima. Nikaupasua, ukamwagika, harufu ikamfukuza mtu wa mapokezi hadi barabarani. Kipande cha changarawe kilitoka nao.

"Haujavuka," nikasema. "Umegusa tu."

"Unajitafutia sababu," akasema Mama Mkwe.

"Ndiyo."

Alivifunika vile vifaa kwa kitambaa. Jioni homa ikaanza kushuka. Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa amepika wali ukaungua, tukaula tukaukomba.

Jumatano, 3 Aprili
Homa hakuna. Meneja amemkagua mkaguzi wa mita ya maji kuanzia viatu hadi kofia.

Jumanne, 9 Aprili
Naandika kwa mwanga wa mshumaa, ndiyo maana mwandiko ni mbaya.

Alasiri Mama Mkwe alikuwa chumba cha upasuaji, anamfunga kizazi mbwa jike. Meneja alikuwa ndani ya pipa, mimi nje kwenye koki, na Fundi kwenye kiti chake. Dhoruba ilikuwa imekuja ghafla na nje kulikuwa kweusi. Radi ikapiga karibu sana, umeme ukakatika. Taa ya pipa ikazimika, feni ikanyamaza.

Meneja aliamka gizani. Alianza kukwaruza kioo kwa nguvu, nasi tulisikia kwa mbali tu, kama mtu anayebisha nyumba ya tatu. Kisha niliona bendeji ikifunguka na damu ikipakwa kwenye kidirisha.

Fundi aliruka akaushika mpini wa mlango. Nikamshika mkono.

"Ana damu, daktari. Fungua."

"Siwezi. Mpaka presha ishuke."

"Fungua, nakuomba."

"Fundi. Ile soda."

Mkono wake ulilegea chini ya wangu. Nikamwacha nikaenda kwenye koki. Nashukuru saa ya presha haitumii umeme. Nilimulika sindano kwa simu kutoka mbali, nikafungua koki upana wa unywele, hewa ikaanza kutoka kwa mluzi mwembamba. Nafsi yangu ilitaka kuifungua yote. Mbwa alikuwa anajirusha na kile kidonda tulichokilea wiki zote hizi, na mimi nilikuwa nashusha presha kama mtu anayemimina mafuta ya taa kwenye kibatari.

"Nifanye nini?" Fundi akauliza.

"Afadhali akuone."

Aliwasha simu yake akajimulika uso kwa chini. Alionekana kama mzimu, kwa kweli. Mimi mwenyewe ningekimbia. Lakini akakaa kwenye kiti chake kama siku zote, akaanza: yule bibi harusi amebadilisha shingo tena, sasa anataka iwe ya mviringo, na mama mkwe naye ameridhia mikono mifupi ilimradi gauni lifike chini. Sauti yake haikutikisika hata kidogo. Machozi yalikuwa yanamdondoka, lakini gauni liliendelea. Meneja alisimama. Akasogeza pua kwenye kioo kilichochafuka damu, akamtazama midomo. Alipiga mwayo. Halafu mwingine.

Sindano ilipofika sifuri nilifungua mlango, na mbwa mzito kama gunia akamwangukia Fundi mapajani.

Tulipomwangalia, damu ilikuwa ya ukingoni tu. Nyama mpya ilikuwa imeshika.

Mama Mkwe alitoka baada ya hapo, kofia ya upasuaji ikiwa kichwani, na tochi ya mgodini ambayo sikujua anaimiliki. Aliangalia koki, akaangalia mguu, akaniangalia mimi.

"Nilikuwa nimeshika mshipa, nisingeweza kuuachia," akasema. "Nilisikia mluzi wa koki kupitia ukutani. Ulikuwa mwembamba, haukupanda. Basi nikaendelea kushona."

Alisema hivyo tu, akaenda kumwangalia mgonjwa wake. Nimeishi na mwanamke huyu miaka mingi nikidhani kila akisimama nyuma yangu anangoja nikosee. Leo hakuwa nyuma yangu. Alikuwa upande wa pili wa ukuta, anashona, kwa sababu alijua nani ameshika koki.

Jumatatu, 15 Aprili
Mvua. Fundi wa umeme ameweka betri ya akiba. Mama Mkwe amemsimamia na mwavuli.

Jumamosi, 20 Aprili
Mume wangu amejitolea kupima kidonda. Anaweka plastiki safi juu yake, anachora ukingo, kisha anaihamishia kwenye karatasi ya miraba na kuhesabu miraba. Ametengeneza mchoro wa mstari unaoteremka. Anadai wanafunzi wake hawajawahi kuelewa eneo kwa urahisi hivyo, ila mmoja ameuliza kama kwenye mtihani ataletewa mbwa.

Jumatano, 24 Aprili
Wakati wa chai nilimuuliza Mama Mkwe swali lililokuwa likinikera. Je, ni pipa lililookoa mguu, au ni usafi, bendeji, antibiotiki, ini la kukaanga na Fundi na hadithi zake?

Nilidhani atakasirika. Alikoroga chai muda mrefu, na hata sukari haweki.

"Sijui," akasema. "Mbwa mmoja hathibitishi kitu. Nahisi bila pipa tungekata, lakini kuhisi si kujua. Nitawaandikia wenzetu yote, na paka nimtaje. Wakipata mia moja kama hawa, watajua."

"Nilifikiri utasema ni pipa."

"Nilipokuwa na umri wako ningesema ni pipa." Akanywa. "Wewe ulikuwa na umri wangu tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana wakati mwingine unanichosha."

Nimeamua kuichukua kama sifa.

Ijumaa, 3 Mei
Kidonda karibu kimefunga. Ngozi mpya ni ya waridi, haina manyoya, inang'aa. Pipa tumeshaliacha.

Lakini Meneja hakanyagi. Anauinua mguu juu na kutembea na mitatu, mchana kutwa. Tumempa dawa za maumivu, tumemnyoosha viungo, tumemwogelesha kwenye beseni kubwa. Misuli inaanza kusinyaa. Fundi alimtazama leo akichechemea uani akasema kwa upole kabisa, "Tumeokoa mguu wa maonyesho."

Jumatano, 8 Mei
Manyunyu. Hakanyagi.

Ijumaa, 10 Mei
Alfajiri mvua kubwa, kisha manyunyu. Uani kwote ni tope laini kama uji.

Mteja alileta kuku kwenye kapu, tetea mweupe mwenye kikohozi. Alipokuwa anajieleza mapokezi, kuku akasukuma mfuniko, akaruka juu ya meza, akapita kati ya miguu ya Mama Mkwe akatokea uani. Meneja alikuwa amelala barazani. Aliinua kichwa. Kuku asiye na miadi, anayetembea ovyo katika eneo la kazi: jambo kama hilo Meneja hawezi kuliacha.

Aliondoka kama jiwe la manati. Kuku alizunguka tangi la maji, Meneja naye akazunguka. Mama Mkwe akawafuata na mabuti yake ya mpira, akiita mbwa, akiita kuku, mimi nikamfuata Mama Mkwe. Kwenye kona ya tangi buti moja lilibaki kwenye tope na yeye akaendelea bila buti, hatua mbili, kisha akakaa chini kwa kishindo. Nilijaribu kusimama nisiteleze, nikashindwa, nikakaa pembeni yake.

"Umeumia, Mama?"

Alikuwa anatazama tope mbele ya goti lake.

Kulikuwa na nyayo. Tatu zilikuwa nyayo za kawaida za mbwa. Wa nne ulikuwa na vidole viwili tu, umezama sawasawa na wenzake. Mbele yake mwingine, na mwingine, mpaka kwenye kona. Mama Mkwe alinishika mkono kwa vidole vyake vya tope, akaanza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika, na mimi nikaanza, na tukashindwa kuinuka kabisa. Mwenye kuku alisimama mlangoni akitutazama madaktari wake.

Manyunyu yakaanza kuongezeka. Mama Mkwe akaacha kucheka ghafla. "Ndoo," akasema. "Niletee ndoo, haraka."

Nilileta ile ya kudekia. Aliifunika juu ya unyayo ulio bora zaidi, akaweka tofali juu ya ndoo, kisha akamtuma mtu wa mapokezi dukani kwa Fundi.

Fundi alikuja mbio, tepu ya kupimia ikiwa shingoni; alikuwa ameambiwa tu kuna jambo la Meneja na kuku, akadhani ni msiba. Mama Mkwe, buti moja mguuni na moja mkononi, alimwongoza hadi kwenye ndoo bila kumwambia lolote, akaliondoa tofali. Fundi akainua ndoo. Alichuchumaa pale kwenye mvua, akautazama ule unyayo, akaweka vidole vyake viwili ndani ya alama za vile vidole viwili. Alikaa hivyo mpaka maji yakaanza kuujaza.

Kisha akajifuta uso kwa mkono, akasimama, akatutazama sisi wawili tulivyopakaa tope kuanzia kichwani.

"Na kuku je," akauliza, "mzima?"

"Mzima," akasema Mama Mkwe. "Ila kikohozi kimekwisha."